Jeneza na Nauli

Darasani, tukifika Yeremia 17:10, huwa tunasimama kidogo. Biblia yetu ya Union inasema Bwana hujaribu "viuno". Kiebrania kinasema figo. Waebrania waliweka humo siri za mtu, na siri kweli zimo. Figo huweza kuharibika miaka mingi bila maumivu, hasa kwa wenye kisukari na shinikizo la damu, hata mgonjwa aje hospitali miguu imevimba na kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Wachungaji tunajua kinachofuata. Sadaka maalumu hutangazwa, shamba huuzwa, kisha tunaitwa kuzika.

Ndiyo maana habari ya Blantyre ilitugusa. Jumuiya ya Kimataifa ya Nefrolojia ilijaribu mradi nchini Malawi, Nepali na Bolivia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Mgonjwa alitobolewa kidole, kifaa kidogo kikapima kreatinini papo hapo, na mhudumu wa zahanati akaweza kushauriana kwa simu na bingwa aliye mbali. Figo iliyoumia ghafla kwa sababu mtu ameharisha na kuishiwa maji mara nyingi hupona ikiwahiwa, pengine kwa dripu tu. Watu wanakufa kwa kukosa maji na chumvi!

Wako washarika wanaoiona simu kuwa mambo ya dunia. Sisi tunaiona kuwa karama, ila karama yenye kasoro. Mama mmoja wa usharika wetu, mgonjwa wa kisukari, alitumiwa majibu kwa ujumbe. Simu ilikuwa ya mwanawe, na majirani wakajua hali yake kabla yake mwenyewe. Ujumbe ulimtaka arudi kliniki wiki hiyo hiyo. Nauli hakuwa nayo, na hakuna programu ya simu inayopanda basi kwa niaba ya mtu.

Basi tukapeleka hoja kwenye baraza la wazee: mfuko wa diakonia, ambao tangu zamani hununua majeneza, ulipe pia nauli za kliniki na vipimo vya mapema. Mzee mmoja akauliza, "Mchungaji, na msiba ukitokea kesho, tutamzika mtu kwa mkeka?" Hakuwa anatania. Kwetu kuzika vizuri ni upendo pia.

Tumekubaliana theluthi moja iende kwenye nauli hadi Pasaka. Mama yule amekwisha kwenda mara mbili. Swali la mzee bado limo kwenye ajenda.