Nyimbo za Majilio juu ya Kilima cha Kirungu

Mtu ashukaye chomboni kwenye bandari ya Moba, kando ya ziwa Tanganyika, huiona njia ipandayo mpaka Kirungu. Huko juu Padri Victor Roelens, aliyekuwa askofu baadaye, aliweka misioni mwaka 1893, na mahali pakaitwa Baudouinville kwa miaka mingi. Huko ndiko Stefano Kaoze alikopewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi mpya, maana katika ufalme wa Kongo wa zamani walikuwako wengine mbele yake.

Nilipanda njia hiyo Dominika ya kwanza ya Majilio, alfajiri, mvua ikinyesha polepole. Nilifuatana na mama mmoja mzee, rozari mkononi. Mashambani mahindi yalikuwa yamechipuka. Aliniambia kwamba mwanawe alikwenda kutafuta kazi kwenye migodi, na sasa ni mwaka wa tatu bila barua. Sikujua la kumjibu.

Kanisani padri alivaa zambarau. Utukufu haukuimbwa, kwa kuwa Kanisa linauweka mpaka usiku wa Noeli. Ngoma zilipigwa taratibu, na wimbo wa kuingia ukapanda kwa sauti ya chini, kama watu waitao mlangoni.

Wazee wetu waliimba Rorate caeli kwa Kilatini. Maneno yake ya kwanza yanatoka kwa nabii Isaya, sura ya 45, anayeziomba mbingu zidondoshe haki kama umande. Tarehe 4 Desemba 1963, katika juma la kwanza la Majilio, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, na lugha za watu zikafunguliwa mlango mkubwa zaidi. Leo ombi lile lile laimbwa kwa Kiswahili. Huko Ulaya Majilio huja wakati wa baridi na giza. Kwetu huja na jembe na mvua. Mkulima aliyekwisha kufukia mbegu anajua maana ya kuziomba mbingu. Mikono yake imemaliza kazi. Lililobaki si lake.

Baada ya Misa vijana wa kwaya walimzunguka mwalimu wao, mzee wa mvi.

— Baba, Dominika ijayo tuimbe Noeli. Watu wanazipenda, na Majilio yana huzuni.

— Wanangu, nani amshangiliaye mtoto kabla hajazaliwa? Kwanza mjifunze zile antifona saba zinazoanza na «O», za jioni tangu tarehe 17 mpaka 23 Desemba. Mkimwita Bwana siku saba, mtajua ni nani mliyempokea.

Vijana walinyamaza, si kwa kuridhika wote. Ndipo yule mama, aliyekuwa akifunga kitambaa chake ili tushuke, akasema:

— Mimi kila Jumamosi nafagia nyumba ya mwanangu. Majirani husema napoteza nguvu. Lakini anayemngoja mtu hufagia. Asiyefagia amekwisha kukata tamaa. Nyimbo hizi ndizo ufagio wangu.

Hakuna aliyejibu. Mpiga ngoma mmoja, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, aliuchukua mzigo wa mama, akatusindikiza hadi mteremkoni.

Jioni nilikaa ufukweni Moba. Wavuvi walisukuma mitumbwi, na taa zao zikatawanyika juu ya maji. Nikakumbuka Alma Redemptoris Mater, wimbo uimbwao tangu Majilio mpaka tarehe 2 Februari, unaomwita Bikira Maria nyota ya bahari. Wake wa wavuvi hawana haja ya kufafanuliwa jina hilo.

Basi, enyi wazazi na wanafunzi, tusiyaruke majuma haya manne kama mtu arukaye kijito. Katika kila parokia yuko amngojaye mtu asiyerudi bado. Tukiimba Noeli mapema, tunamwacha peke yake njiani. Tukiimba Majilio, tunangoja pamoja naye.