Gahini, Kilima Kilichotuma Vijana Wake Kwetu

Gahini ni kilima katika Wilaya ya Kayonza, Mashariki ya Rwanda, kilichoinuka juu ya ncha ya mashariki ya Ziwa Muhazi. Ukisimama karibu na kanisa kuu la Anglikana, unaliona ziwa lilivyojipenyeza mabondeni, jembamba na refu, likichepuka huku na huku kila lilipopata nafasi. Migomba imeteremka hadi karibu na maji. Mitumbwi ya wavuvi inapita taratibu kando ya matete. Geuka upande wa mashariki, na nchi inafunguka. Vilima vinalala chini, malisho yanatanda, na mbele kabisa ni Hifadhi ya Akagera. Mchana kuna joto la wastani, usiku unahitaji sweta. Kwa sura yake peke yake Gahini inatosha kumvuta msafiri. Vijana wa parishi yetu ya Ngara, upande wa Tanzania, walivutwa na jambo kubwa zaidi: hapa ndipo ilipotoka injili iliyowakuta babu zao na kuwageuza.

Walikwenda kwa safari ya misheni, nami nilikuwa pamoja nao. Siku hizi maneno hayo yanawafanya watu wengi wafikirie ndege, fulana za rangi moja na wageni kutoka ng'ambo ya bahari wanaokuja kupaka rangi shule. Vijana wetu walilima maharage katika shamba la kanisa msimu mzima, wakauza gunia kwa gunia, nauli ikapatikana. Wenye pasipoti walichukua pasipoti, wasio nazo wakakata hati za dharura za kusafiria, na coaster ya kukodi ikatupakia asubuhi na mapema kuelekea Rusumo.

Njia yenyewe ni somo. Ukipita Benako, ambayo leo ni mji wa malori na mama lishe, unateremka hadi mahali Mto Kagera unapobanwa na miamba na kuporomoka kwa kishindo. Hapo Rusumo ndipo mpaka wa Tanzania na Rwanda ulipo. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, vilizinduliwa rasmi tarehe 6 Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame. Unagongewa mihuri ya nchi mbili katika jengo moja na kuendelea na safari. Karibu na hapo ndipo ulipo mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wake. Ukishavuka, dereva anahamia upande wa kulia wa barabara, na saa yako unairudisha nyuma kwa saa moja.

Kwenye daraja niliwaonyesha vijana maji. Ziwa Muhazi hutoa maji yake upande wa magharibi kwa Mto Nyabugogo; mto huo unaingia Nyabarongo karibu na Kigali, Nyabarongo unazaa Akagera, ndio Kagera wetu, na Akagera unakuja kupita hapa Rusumo kabla ya kuendelea hadi Ziwa Victoria. Maji yanayopita mlangoni petu Ngara yamewahi kupita chini ya Gahini. Kabla ya kuwa na mpaka, tulikuwa na mto mmoja.

Mto huohuo ulibeba uchungu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la zamani la Rusumo wakaingia Ngara, na Benako ikageuka kambi kubwa kuliko mji wowote wa wilaya yetu. Wiki zilizofuata maji yalileta maiti za waliouawa, zikapita kwenye maporomoko haya hadi Ziwa Victoria. Vijana wetu hawakuwa wamezaliwa. Wazazi wao walikuwepo, na habari hizi wamezisikia jikoni. Katika coaster hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika upande wa pili.

Kutoka Rusumo hadi Kayonza ni kilomita 92 za lami, kupitia Kirehe na Ngoma. Ni nchi ya migomba na mananasi, na mpunga umejaa mabondeni. Tuliposimama kununua mananasi, wasichana wetu walipatana bei kwa Kihangaza wakajibiwa kwa Kinyarwanda, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Muuzaji alipotaka kuwaheshimu wageni, akahamia Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda pia. Mtu wa Ngara hajioni mgeni sana hapa, na hilo lilikuwa na maana kubwa kwa kazi iliyotupeleka. Huwezi kumfariji mgonjwa kupitia mtu wa tatu kama unavyomfariji kwa kinywa chako mwenyewe.

Gahini ilianza kama kituo cha misheni ya Waanglikana katika miaka ya 1920. Daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, alifika hapo mwaka 1928 kuendesha hospitali. Hakupewa muda wa kupumzika. Njaa ambayo Wanyarwanda wanaiita Rwakayihura iliipiga mashariki ya nchi mwaka 1928 na 1929, na watu waliodhoofika walijaa mlangoni pake. Alichoka mwili na roho. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa na kiu ileile ya kumjua Mungu. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Mwaka huohuo mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akiwa bado kijana, aliacha nchi yake ya Buganda akaenda Gahini kufundisha.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wetu, na wasomaji pia, wasimame kidogo. Moto wa uamsho wa Gahini haukuwashwa na wazungu peke yao. Kigozi alikuwa mmisionari wa Kiafrika katika nchi ya jirani, kijana aliyevuka mpaka bila jeshi wala fedha. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, mtu wa Ankole, aliyekuwa ameanza kwa kuupinga uamsho huo, alirudi kutoka kwa Nsibambi akiwa mtu mwingine. Pale hospitalini palikuwa na wizi, chuki na manung'uniko ya mishahara. Watumishi walianza kutubu waziwazi, kurudisha walichoiba, kupatana na waliowakosea. Kigozi alijifungia katika maombi wiki nzima, akatoka na neno moja kwa kanisa: liamke. Alifariki Januari 1936, lakini neno lake halikufa.

Katika miaka hiyohiyo Gahini ikaanza kutuma timu. Watu wachache, Waafrika na Wazungu pamoja, walifunga safari fupi, wakakaa siku chache, wakashuhudia, wakarudi. Walikwenda Kabale mwaka 1935, Mukono mwaka 1936, Kenya mwaka 1937, na mwaka 1939 wakafika Katoke, huku kwetu Kagera. Kutoka hapo Uamsho wa Afrika Mashariki ulienea Tanganyika. Babu na bibi za vijana hawa walitubu katika mikutano iliyotokana na safari hizo. Misheni ya muda mfupi tunayoiona kama mtindo mpya ilikuwa desturi ya kilima hiki miaka mingi kabla hatujazaliwa. Tulipofika Gahini, tulikuwa tunarudisha ziara.

Wenyeji walitupokea katika nyumba ya wageni ya dayosisi, ukingoni mwa ziwa, kwa maziwa ya mtindi na viazi vitamu. Ratiba yao ilikuwa tayari, na haikuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumamosi hiyo nchi nzima hufanya umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa, magari hutulia, na kila kijiji hutoka na majembe. Vijana wetu walipangwa kwenye njia iliyobomolewa na mvua, iendayo nyumbani kwa wazee wawili wasio na watoto karibu. Walichimba mifereji na kubeba mawe, bega kwa bega na mwalimu wa shule, muuza duka na diwani. Kazi ilipoisha, wote wakaketi kwenye majani wakazungumza mambo ya kijiji: bima ya afya, utoro shuleni, ng'ombe waliovamia shamba la mtu. Tulizoea kwamba wageni wa misheni huleta mradi wao. Hapa tuliingizwa katika kazi ya wenyeji, tukaambiwa tushike jembe.

Kwenye majani hayo bibi mmoja alitusalimu kwa Kiswahili cha Karagwe. Mwaka 2013 serikali yetu iliamuru wahamiaji wasio na vibali mkoani Kagera waondoke, na maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda, wengine wakiwa wameishi kwetu miongo mingi, walivuka Rusumo. Wengi walipokelewa kwanza katika kambi za Kiyanzi, wilayani Kirehe, na Rukara, jirani na Gahini. Bibi huyu alikuwa mmoja wao. Katibu wa vijana wetu, msichana wa miaka ishirini na kitu, alipiga magoti mbele yake kwa heshima, akamwambia, "Bibi, pole sana. Ulikuwa jirani yetu." Bibi akamshika mkono akamwinua. Akauliza kahawa inauzwaje Kayanga, huko Karagwe, mwaka huu, na kama mvua za vuli zimenyesha vizuri. Walikaa wakizungumza hadi watu wengine wakatawanyika. Sijui mahubiri yoyote ya safari ile yaliyofika mbali kama mazungumzo hayo.

Siku zilizofuata zilikuwa za hospitali. Hospitali ya Gahini inaendelea kutibu watu karibu miaka mia tangu ilipoanzishwa. Vijana waliopangiwa wodi waliimba na kuomba kwa sauti ya chini. Waliopangiwa nje walifanya kazi ambayo ndugu wa wagonjwa wanaijua: kuteka maji, kufua mashuka, kumenya ndizi, kukaa na mtoto ili mama yake alale kidogo. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe kwa wiki nyingi alilala kwenye mkeka mchana kutwa kwa mara ya kwanza, huku kijana wetu mmoja akimpepea mtoto wake. Jioni tulikutana kwenye ushirika kama walivyofanya wale wa zamani: watu wameketi duara, kila mmoja akieleza wazi anachopambana nacho, bila kumhukumu mwingine. Kijana aliyekuwa hasemi na nduguye kwa sababu ya urithi wa shamba alisimama akasema hivyo mbele ya wageni, na usiku huohuo akampigia simu.

Jumapili kanisa lilijaa. Ngoma zilipiga, kwaya tatu ziliimba, na ushuhuda ulikuwa mwingi kuliko mahubiri. Wimbo wa Tukutendereza ulipoanza, kwa Kiganda, hakuna aliyehitaji kitabu. Ndio wimbo wa waliookoka kutoka hapa hadi Dodoma, na wazee wa Gahini na vijana wa Ngara waliuimba pamoja kana kwamba wamefundishwa katika nyumba moja. Baada ya ibada tukala kisamvu cha karanga, ugali wa muhogo na samaki wa Muhazi.

Wakati wa kurudi, wenyeji walituomba tuchepuke kutoka barabara ya Kirehe kwenda Nyarubuye. Katika kanisa Katoliki la hapo, katikati ya Aprili 1994, maelfu ya watu waliokimbilia usalama waliuawa. Leo pana kumbukumbu yao. Mzee wa kanisa aliyetusindikiza hakutaka tudanganyike na uzuri wa Jumapili. Alituambia kuwa waliouawa walibatizwa na wengi wa waliowaua walibatizwa pia. Kwamba katika nchi iliyojaa nyimbo za uamsho, makanisa mengi yaligeuzwa mahali pa mauaji. Na kwamba wapo pia waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wakafa nao. Kisha akawatazama vijana na kusema kuwa uamsho haurithiwi kama shamba. Kila kizazi kinautubia upya au kinaupoteza.

Hayo ndiyo yanayonifanya niipende Gahini na kuisifu bila kusita. Kilima hiki hakina historia iliyooshwa. Kina njaa ya 1929, wizi uliotubiwa, vijana waliotumwa, na jirani yake Nyarubuye. Kimebaki na hospitali inayofanya kazi, ziwa zuri, na watu wanaojua kumpokea mgeni na kumpa jembe. Kijana anayekwenda huko anajifunza kwamba injili iliyomlea ililetwa na majirani, na kwamba deni lake liko karibu zaidi kuliko anavyodhani.

Kwa parishi na sharika za Kagera na Kigoma, ninashauri hivi. Kabla ya kutafuta mfadhili wa kuwapeleka vijana Ulaya au Marekani, wapelekeni ng'ambo ya mto. Andikeni barua kwa dayosisi ya jirani mapema, waulizeni wao wana kazi gani, na mpange safari iangukie Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Chagueni Juni hadi Agosti, njia zikiwa kavu. Hati za kusafiria zishughulikiwe wiki kadhaa kabla. Pelekeni viatu vya kazi na sweta, na faranga kidogo za kununulia mananasi Ngoma. Na mkishakwenda, waalikeni nao waje. Vijana wa Gahini wameshatujibu kwamba watavuka Rusumo baada ya mavuno, na shamba la maharage la parishi limeshagawanywa mistari: nusu wataipalilia wao.