Homa ya Usiku: Manchester na Mtongwe

Hapa Manchester, mzazi ambaye mwanawe anatibiwa lukemia, saratani ya damu, haondoki hospitalini bila kipimajoto na nambari ya simu. Anaelezwa mapema: joto likifika 38 usimpe dawa ya kushusha homa, usingoje kukuche, piga simu kisha uje. Lengo ni antibayotiki iwe imeingia mshipani ndani ya saa moja tangu mtoto afike mlangoni. Majibu ya maabara yatakuja baadaye. Kemo haichagui: imeua saratani, na imeua pia chembe nyeupe zinazomlinda mtoto. Kijidudu ambacho mimi na wewe tungekiondoa kwa chafya mbili kinaweza kummaliza kabla ya adhana ya alfajiri.

Sasa ichukue saa hiyo uipeleke Mtongwe, Likoni, kwetu Mombasa, usiku wa manane. Homa kwetu jina lake la kwanza ni malaria. Mama atampa mtoto Panadol, atamkanda kwa kitambaa cha maji, na kukicha atampeleka kupimwa. Kwa watoto karibu wote wa mtaa huo, hilo ndilo jambo la busara. Kwa huyu mmoja anayetibiwa lukemia ni hatari, na hakuna aliyemwambia mama kwa mkazo unaostahili. Hata akiambiwa, safari inamngoja. Hospitali ya Likoni i karibu, lakini kitengo cha saratani kiko Coast General, Makadara kama wenyeji tunavyoiita, upande wa kisiwani. Tuktuk hadi Feri, kungoja feri, kuvuka, kisha tuktuk nyingine. Feri hukesha na mtembea kwa miguu halipi, lakini kungoja usiku na mtoto anayechemka begani si jambo dogo. Wa Kisauni ana daraja la Nyali, wa Changamwe ana Makupa. Wa Likoni ana maji, au azunguke Dongo Kundu ikiwa ana gari, na wangapi wanalo?

Shangazi yangu ana swali lisilokosa kila nikimpigia: "Mwanangu, hao Wazungu wana dawa gani ambayo sisi hatuna?" Nadhani anatarajia nitaje kitu kimoja kikubwa. Kwa lukemia kali inayowapata watoto zaidi, ile ya limfoblasti, jibu linamvunja moyo: dawa nyingi ni zile zile, tena kongwe. Vinkristini imetokana na ule mmea mfupi wa maua meupe na ya waridi, asili yake Madagaska, unaoota mbele ya nyumba za Kisauni bila mtu kuupalilia. Dawa hiyo ilianza kuuzwa 1963. Merkaptopurini, kidonge ambacho mtoto hukimeza kila siku kwa muda mrefu, ni ya 1953. Methotreksati ni ya ukoo mmoja na dawa ambayo daktari Sidney Farber aliwapa watoto wa Boston mwishoni mwa 1947, ugonjwa ukarudi nyuma kwa miezi michache, kisha ukawarudia.

Kilichobadilika ni mpangilio. Mwaka 1962, kule Memphis, Marekani, daktari Donald Pinkel aliamua kuziunganisha dawa hizo kwa awamu badala ya kuzitoa moja moja, na miaka ya sabini ilipoingia karibu nusu ya watoto wake walikuwa wanapona. Waingereza nao wakaanza mfululizo wa majaribio waliouita UKALL, jaribio moja likirithi lingine. Mtoto akigunduliwa, wazazi huombwa katika siku zile za mwanzo waamue kama ataingia kwenye utafiti, na wengi hukubali. Jaribio la UKALL 2003 liliandikisha zaidi ya wagonjwa 3,000 wa umri wa mwaka 1 hadi 24, kuanzia 2003 hadi 2011. Swali lake kubwa lilinishangaza niliposikia: je, tunaweza kuwapa dawa pungufu? Uboho ulipimwa mwishoni mwa awamu ya kwanza, kwa kipimo kinachoweza kuiona chembe moja ya saratani kati ya 10,000. Waliokuwa safi wakagawanywa kwa kura, wengine wapewe awamu mbili za kemo kali ya kurudia, wengine moja. Waliopunguziwa hawakufanya vibaya kuliko wenzao. Leo watoto tisa kati ya kumi hapa wanaishi, na wengi wao wanatiwa sumu kidogo kuliko watoto wa kizazi kilichopita.

Magazeti hayapendi habari kama hiyo. Yanapenda CAR-T, ambapo chembe za mgonjwa mwenyewe hutolewa, zikafunzwa kuitambua saratani, zikarudishwa mwilini. Ni kazi ya ajabu, siibezi. Ilipoidhinishwa Marekani 2017 bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000. Tuendelee.

Wala Afrika Mashariki si mgeni katika utafiti huu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda, aliona watoto wenye uvimbe wa taya mwaka 1957, akaanza kuuliza ni wa wapi, na akagundua kwamba ramani ya uvimbe ule inafanana na ramani ya joto na mvua. Leo tunajua malaria ina mkono ndani yake, ndiyo maana ugonjwa huo uko pwani yetu kama ulivyo kando ya Ziwa Viktoria. Mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London 1961 na akaanza kutumiwa sampuli kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikatua hapa Manchester, na chupa ya sampuli ikafika ikiwa imechelewa, maji yake yamechafuka. Badala ya kuimwaga waliiangalia kwa hadubini, wakakuta chembe za uvimbe zikielea hai. Mwaka uliofuata Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walivionyesha virusi ndani ya chembe kama hizo. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikafunguliwa Mulago, na majaribio ya kuchanganya dawa yaliyofanyika pale yalisomwa duniani kote.

Lakini utafiti wa kwetu ninaouthamini zaidi hauna hadubini. Katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, madaktari walifuatilia watoto 222 waliogunduliwa na saratani kati ya 2007 na 2009. Kati ya wale ambao mwisho wao ulijulikana, zaidi ya nusu walikuwa wameacha matibabu. Watafiti wakawafuata wazazi wakawauliza kwa nini. Wakasikia habari za pesa, bima, nauli, na hofu ya mtoto kuzuiliwa wodini mpaka bili ilipwe. Hakuna dawa mpya inayoweza kushindana na hilo. Ukipandisha uwezo wa kemo kwa asilimia tano na mtoto hayupo kitandani, umempandishia nani?

Glivec ilitufundisha jambo hilo hilo. Ni kidonge kilichoigeuza lukemia sugu ya mailoidi kuwa ugonjwa wa kuishi nao, na kwa miaka mingi Wakenya walikipata bure kupitia mpango wa Novartis na Max Foundation. Kliniki ilikuwa Nairobi Hospital. Kidonge bure, barabara kwa pesa. Hata leo anayetumwa Nairobi akapande treni Miritini: tiketi ya chini ilikuwa shilingi 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500, kwenda tu. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya taifa Oktoba 2024, familia iliwekewa hadi shilingi 550,000 za saratani kwa mwaka. Ni afadhali kubwa, ila hazilipi tuktuk ya usiku.

Kwa hiyo nina ugomvi na sisi wenyewe tulio huku. Kundi letu la WhatsApp huamka likisikia matibabu ya India. Picha ya mtoto, nambari ya Paybill, na kwa wiki moja pesa zinamiminika. Wapo wanaohitaji India kweli, hasa wa kupandikizwa uboho, na hao nachangia. Lakini mtoto wa Mtongwe mwenye lukemia inayotibika kwa dawa zile kongwe hatumchangii, kwa sababu mahitaji yake hayapendezi kwenye bango: kipimajoto, nambari ya simu inayopokewa saa nane za usiku, chumba cha kulala karibu na Makadara wakati chembe nyeupe zimeshuka, na nauli ya miaka miwili.

Nimepeleka pendekezo la kuyachangia hayo kwenye kundi. Wawili wameunga mkono, mmoja amesema pesa za nauli zitaliwa, na mweka hazina ameuliza dereva wa tuktuk wa Likoni atatoa risiti gani. Jibu la kwamba M-Pesa huacha ujumbe halijamridhisha. Anasema ujumbe unaonyesha pesa zimekwenda kwa nani, hauonyeshi alikuwa amempakia nani.