Blanketi la Mchanga

Usiku wa giza, zile siku ambazo mwezi haupo, ndio usiku wa dagaa. Taa huwavuta juu, na mwezi ukiwaka taa hukosa nguvu, kwa hiyo wavuvi wa Ziwa Victoria hupumzika wakati wa mbalamwezi na kuingia kazini gizani. Zamani walitumia karabai. Siku hizi ni taa za sola. Kutoka chumba nilichopanga Malimbe unaziona zimetandazwa majini kama mtaa mwingine wa Mwanza. Wageni huzipiga picha. Mimi huzihesabu, ingawa najua taa ya baba haimo, maana yeye huvulia upande wa Igombe.

Hofu yangu ina kalenda. Mwezi ukianza kufifia, usingizi nao unaondoka: moyo mbio, viganja jasho, sikio kwenye simu ambayo haijaita. Watu wa huku hatuhitaji kufundishwa kuliogopa ziwa. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, kabla sijazaliwa, na nyumbani bado inasimuliwa kama habari ya juzi. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, nilikuwa kidato cha sita. Walikufa zaidi ya watu 200, gati likionekana.

Habari za blanketi zito nilizikuta nikikwepa kuandika tasnifu. Watafiti wa Uswidi walichapisha mwaka 2020 jaribio la wiki 4 kwa wagonjwa 120 waliokosa usingizi huku wakiwa na sonona, wasiwasi na maradhi mengine ya akili. Wengine walipewa blanketi lenye minyororo ya chuma, kilo 6 hadi 8, wengine jepesi. Wa blanketi zito walilala vizuri zaidi. Mwanafunzi wa uzamili hawezi kusoma bila kutafuta kasoro: kidonge cha bandia kinaweza kumdanganya mtu, lakini nani asiyejua kwamba amefunikwa kilo 8? Nikataka kujaribu hivyo hivyo. Ushauri wa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya uzito wako; mimi nina kilo 58.

Nilimpelekea fundi mmoja pale Makoroboi mashuka mawili ya mtumba, nikamwambia nataka kujaza mchele.

"Mchele, binti? Panya watakuombea dua."

Basi mchanga. Niliuosha mara nne, nikauanika juu ya jiwe (mawe Mwanza hayajawahi kuadimika), nikauchekecha. Fundi akashona vyumba vidogo vidogo kama ubao wa drafti, kila kimoja kikombe kimoja cha kahawa, ili mchanga wote usikimbilie miguuni. Dar es Salaam ningeiva ndani yake. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku unavumilika.

Hofu haikuondoka. Ila mwili ulitulia kwanza, mawazo yakabaki yanazunguka peke yake, na mawazo yasiyosindikizwa na mapigo ya moyo huchoka mapema. Tena uzito ule niliufahamu. Nyumbani tulilala wanne kitanda kimoja, siku zote mguu wa mtu uko tumboni kwangu, na usiku wa giza nililala fofofo. Chumba cha peke yangu nimekipata uzamili.

Mwezi uliopita mama alinitembelea. "Hili blanketi au gunia la saruji?" Akajinyoosha chini yake apumzishe mgongo, maana daladala zilikuwa zimemchosha. Aliamka jua limezama.

Ndipo akaniambia kwamba usiku wa giza hukaa nyuma ya mlango, redio chini kabisa, mpaka asikie sauti mwaloni. Ile chai niliyoikuta tayari kila alfajiri, kumbe hakuwa ameamka. Hakuwa amelala.

Akauliza fundi anashona mpaka kilo ngapi. Nikamwambia aanze na sita.

"Sita za kwako," alisema. "Mimi nishonee nane."

Mchanga wake uko juu ya jiwe, unakauka.