Amiri wa Safari

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliposikia mtu akimsifu mwenziwe kwa wema, alimwuliza kama amepata kusafiri naye. Jambo hili tumelisomesha chuoni kwa miaka mingi, na kila mara tulidhani kuwa lawahusu wengine. Safari moja ya baiskeli ilitufahamisha ya kuwa latuhusu sisi wenyewe.

Tulikuwa watu wanne: sisi mwandishi wa haya, mshoni mmoja aliye rafiki yetu tangu utotoni, mwenye duka jirani yetu, na kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye sasa ni fundi wa baiskeli. Tuliondoka Hola tukaufuata Mto Tana kuteremka nao hata baharini. Mto huu, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, hutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita katika nchi kavu, na kila upitapo riziki hufuata. Wapokomo hupanda mpunga na migomba katika udongo ulioachwa na mafuriko, na Waorma huleta ng'ombe wao kunywa. Kwa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha wasafiri watatu wamweke mmoja wao kuwa amiri, wenzetu walitutawaza sisi, kwa ajili ya umri na kielimu kidogo tulicho nacho.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Tuliswali Alfajiri Garsen, tukavuka daraja, na chini yetu mto ukienda polepole na rangi yake ya udongo. Barabara ya lami ilitufikisha Witu, mji wa Sultani Ahmed Simba, uliotiwa moto na Waingereza mwaka 1890. Hapo tukaiacha lami, tukashika njia ya Kipini, ambako mto huingia baharini. Zilibaki kama kilomita 20 tu, lakini mchanga ulikuwa mwingi.

Haukupita muda mrefu mpira wa nyuma wa mshoni ukapasuka. Kijana akautia kiraka. Mbele kidogo ukapasuka tena, akautia cha pili. Magoti ya mshoni nayo ni mabovu, na kila penye mchanga alishuka akaikokota baiskeli yake, nasi tukamngoja. Saa tano ikapita. Tukaangalia jua, tukasema kwa sauti ya ukali, "Tutakosa Jumaa kwa ajili ya mtu mmoja! Twendeni, yeye atatufuata." Tukapanda, tukakanyaga.

Ndugu msomaji, maneno yalikuwa ya dini, lakini moyo ulikuwa na lake. Tulikuwa tumepeleka habari Kipini kwamba tutafika kabla ya hotuba, na tulitamani watu watuone tukiingia mjini tukiwa mbele.

Kijana hakupanda. Aliinamisha macho, akasema, "Maalim, unisamehe. Ni wewe uliyetufundisha kuwa msafiri haimlazimu Jumaa. Je, kumwacha mwenzetu njiani tumeruhusiwa?"

Hatukuwa na jawabu. Masala yale tumeyasomesha mara nyingi: safari yetu ilizidi marhala mbili, Jumaa haikuwa wajibu kwetu, na Adhuhuri twaweza kuipunguza na kuikusanya pamoja na Alasiri. Mwenyezi Mungu alikuwa ametufanyia wepesi, nasi tukaufanya uzito juu ya mnyonge. Ikatujia pia ile hadithi ya Jabir, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akibaki nyuma katika msafara, akimsaidia aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake, na akiwaombea dua. Amiri wa Umma wote alibaki nyuma, na amiri wa baiskeli nne ametangulia!

Tulirudi. Tukampa mshoni baiskeli yetu iliyo nzima, tukaikokota yake, tukamwomba radhi mbele ya wenzetu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, nilikuwa nimekwisha kuazimia kurudi Witu, na nisisafiri nanyi tena. Magoti hayakuniuma kama yale maneno." Tangu tulipokuwa watoto hatukupata kumwona machozi yakimlenga namna ile.

Jua lilipopinduka tulitawadha kwa maji yaliyobaki katika chupa zetu, tukaswali chini ya mwembe rakaa mbili za Adhuhuri na mbili za Alasiri. Tulimsihi mshoni atuswalishe, naye akakubali.

Tulifika Kipini jioni, sote kwa miguu. Watu walikuwa wametoka msikitini zamani, na hapakuwa na wa kututazama. Tukaketi kwenye mlango wa mto, tukayaona yale maji ya udongo tuliyoyafuata tangu Hola yakipita kando ya mikoko na kuingia baharini.

Tangu siku hiyo kumetukaa jambo moja. Katika chuo chetu wako watoto wazito wa kuhifadhi. Ni wangapi tuliowaacha nyuma, tukisema ni kwa heshima ya Kurani, kumbe ni kwa kupenda sifa ya wale waliotangulia? Na wewe mzazi, uliye amiri wa nyumba yako, geuka utazame ni nani akokotaye peke yake nyuma yako.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa jina la dini na hali si ya dini, na atuwafikishe kufika pamoja. Amin.