Sehemu ya 14: Mama kushika kitabu si uvivu



Baada ya ile sehemu ya homa za usiku, mmoja wenu alinifuata inboksi. Hakuuliza homa. Aliuliza hivi: "Nesi, wewe unasoma vitabu saa ngapi? Mimi nikishika kitabu tu, mama mkwe anasema nyumba hii ina mtu wa kupumzika." Swali lake nimetembea nalo zamu tatu. Leo namjibu, na nawajibu na nyie mnaoniuliza mara kwa mara msome nini.

Nianze na hiyo saa ngapi. Muda wa kusoma sina, mdogo wangu. Nina vipande tu. Dakika kumi kwenye daladala nikibahatika kupata siti. Dakika kumi na tano usiku watoto wakishalala, simu nikiwa nimeiacha chumba kingine, maana ikiwa karibu kitabu kimeshindwa. Foleni ya benki. Nahesabu kurasa tano kwa siku, basi. Kitabu cha kurasa 150 kinaisha ndani ya mwezi, na hakuna sufuria iliyoungua. Vingi nanunua vya mtumba, au tunaazimana kazini. Anayeazima anaandika jina lake ndani ya jalada, ili tujue kitabu kiko kwa nani.

Sasa kwa nini najisumbua? Kwa sababu kazini watu wananificha mambo. Wana sababu zao, wala siwalaumu. Ila kitabu kinanionyesha ndani ya nyumba ambayo mimi nesi sitafunguliwa mlango. Vinne hivi ndo vipenzi vyangu.

Cha kwanza ni Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner. Alikiandika kwa ajili ya watu wa vijiji vya milimani kule Mexico, kwanza kwa Kihispania, baadaye kikafika hadi kwenye Kiswahili. Kina michoro mingi na maneno ya kawaida. Nakipenda kwa sababu kinamheshimu mama: hakimwambii "fanya hivi" halafu kikanyamaza, kinamweleza sababu. Mfano kuhara. Kinachowamaliza watoto wengi ni maji na chumvi zinazotoka mwilini. Kwa hiyo rudisha maji. Mpe ORS ya pakiti, na kama haipo kabisa, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, visiwe na mlima. Endelea kunyonyesha, mpeleke kituoni, upewe na zinki. Lakini sikilizeni: vitabu vya dawa vinazeeka. Ukipata nakala ya zamani, soma uelewe, ila dozi ya dawa uliza kituoni.

Cha pili, Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kilitoka 1971, na wakati fulani kilipigwa marufuku mashuleni. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali, na barua moja tu ya mvulana inamletea Rosa kipigo kikubwa. Mama yake, Regina, anaona yote. Mwisho wake sisemi, msome wenyewe. Ila nikikisoma namkumbuka binti anayekuja kliniki mimba ina miezi sita, kajifunga kanga mbili tumboni. Unajua swali lake la kwanza? Haulizi mtoto anaendeleaje. Anauliza, "Baba atajua?" Miezi sita bila kupimwa damu, bila vidonge vya kuongeza damu, bila kupimwa presha, kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kumwambia. Wenye mabinti, hiki msomeni wote wawili, baba na mama. Mkimaliza, jiulizeni binti yenu akipata shida ataanza kwa nani.

Cha tatu ni Takadini cha Ben Hanson. Wengi wenu mlikisoma sekondari kwa Kiingereza, mkajibia mtihani, mkakisahau. Kisomeni tena mkiwa wazazi, ni kitabu kingine kabisa. Sekai amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapompata, mtoto ana ualbino, na mila ya kijiji inataka asiishi. Sekai anambeba mwanawe na kukimbia. Mimi nimewapokea watoto wenye ualbino dakika ya kwanza ya maisha yao, na nawaambia, chumba huwa kinanyamaza. Mama anaangalia uso wangu kabla hajamwangalia mtoto. Kwa hiyo natabasamu kwanza, namwambia hongera mama. Maelekezo yanafuata: kivuli, kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kadiri anavyokua, ngozi na macho yakaguliwe. Na baba akija namwambia palepale: hali hii inatoka kwa wazazi wote wawili, mkeo hana kosa.

Cha nne kina zaidi ya miaka 160. Ni Utenzi wa Mwana Kupona. Huyu alikuwa mama wa Pate, upwa wa kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Anamwita asogee na wino na karatasi, anamwachia wosia. Baadaye akafariki. Mama yeyote aliyewahi kuumwa akiwa na mtoto mdogo anaijua ile hofu: nisipokuwepo, nani atamwambia?

Na hapa ndo namrudia aliyeuliza.

Mimi pia nina mama mkwe. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru miaka ya sabini, akiwa na mtoto mgongoni. Siku hizi macho yamechoka. Siku moja nilimsomea Mwana Kupona kwa sauti tukichambua mboga, binti yangu akishika kitabu. Kiamu cha zamani ni kigumu, tunategemea sana maelezo ya pembeni. Tukafika zile beti za kumtii mume. Mama mkwe akasema, "Safi kabisa." Mimi nikasema, "Mama, hapo pana mjadala." Tukabishana mpaka mboga zikaisha, binti yangu anacheka. Kisha akanyamaza, akasema, "Huyu mama alijua hatamwona mwanawe akizeeka." Akaanza kunisimulia mtoto wake aliyefariki kwa surua kabla mume wangu hajazaliwa. Miaka kumi na moja nimeishi naye, sikuwahi kulisikia jina la huyo mtoto. Jumapili iliyofuata ni yeye aliyesema, "Lete yule mama wa Pate."

Kwa hiyo mdogo wangu, usijifiche chumbani na kitabu. Kaa naye jikoni, usome kwa sauti. Pengine atakugombeza siku mbili za kwanza. Siku ya tatu akikuuliza "ikawaje?", umeshampata. Asipouliza, zile kurasa tano za usiku bado ni zako. Mtu anayeamka saa tisa kunyonyesha hana deni la dakika kumi na tano.

Na mtoto naye asikie. Tangu tumboni, mimba ikifika kama miezi sita, anaisikia sauti yako, na akizaliwa anaitambua. Huna kitabu? Msimulie hadithi ya sungura. Hujui kusoma vizuri? Fungua picha, mtaje pamoja: hii kuku, hii mbuzi. Mtoto wa miezi mitatu hajali umeruka sentensi.

Niandikieni hapo chini: kitabu cha mwisho ulichokimaliza ni kipi, na nani alikuona ukikisoma? Sehemu ya 15 tutaongea kuhusu chanjo ya surua, kwa heshima ya yule mtoto wa mama mkwe wangu.

Usiku mwema. Naingia zamu.