Kitenzi Kilichonifundisha Kuuliza

Miaka ya 1990, Kiingereza cha mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania kilipimwa kwa ukubwa wa maneno aliyoweza kuyashusha. Tulikuwa tumesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikatupokea kwa Kiingereza karibu katika kila somo. Kila mmoja akawa na daftari lake la msamiati: kushoto neno, kulia maana. Kwenye mdahalo, aliyetamka neno ambalo wenzake hawajapata kulisikia alishangiliwa kabla hoja yake haijaeleweka.

Humo daftarini ndimo kilimoingia kitenzi "culminate". Maana yake iliandikwa kwa kifupi: kufika kileleni. Kilipendwa kwa mlio wake, na wanafunzi wengi walikitumia popote pale jambo linapokwisha, iwe mkutano, mechi au muhula. Walikichukua kuwa ni "end" iliyovalishwa suti.

Aliyekibadilisha kitenzi hicho machoni pangu hakuwa mwalimu wa Kiingereza, bali mwalimu wetu wa Historia wa kidato cha tano. Tulikuwa tunasoma harakati za uhuru wa Tanganyika, naye akaandika ubaoni tarehe tupu. TANU kuundwa, 7 Julai 1954. Nyerere kuzungumza Umoja wa Mataifa, 1955. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ambapo chama kiliamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu licha ya masharti yake ya kibaguzi. Uchaguzi wenyewe, 1958 na 1959. Serikali ya madaraka, Mei 1961. Uhuru, 9 Desemba 1961. Akatutaka tuziunganishe tarehe hizo kwa sentensi moja ya Kiingereza yenye kitenzi kile.

Sentensi zikaja haraka, kwani uhuru ulikaa vizuri mwishoni. Hapo akaanza kutuuliza. Ni nini kilichokuwa kikipanda? Kila hatua iliisukumaje inayofuata? Bila uamuzi wa Tabora, 1961 ingefika vilevile? Tukagundua kwamba kitenzi kimoja kimetubebesha mzigo wa kuthibitisha. Anayesema harakati zilifikia kilele chake katika uhuru amekwisha kudai kwamba matukio yale yalikuwa njia moja yenye mwelekeo, na darasani kwetu mwenye kudai alipaswa kuonyesha.

Kisha akaandika kando: Majimaji, 1905–1907. Akauliza swali lilelile. Vita ile ilianzia Umatumbi na kusambaa kusini mwa nchi. Mwishoni mwa Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Vita iliisha 1907, lakini je, kilele chake kilikuwa hapo? Darasa liligawanyika. Wengine walisema kilele kilikuwa Mahenge, na yote yaliyofuata yalikuwa mteremko. Wengine walikataa kuiita njaa mwisho wa vita, wakasema ndiyo iliyokuwa silaha yenyewe. Nilitoka darasani nikijua kwamba mwisho na kilele ni vitu viwili, na kwamba kuvitenganisha ndiyo kazi ya mwanahistoria.

Tangu siku zile nikaanza kuisoma kamusi kwa namna nyingine. Maktaba ya shule ilikuwa na kamusi kubwa ya Oxford ya wanafunzi wa Kiingereza, ambayo sisi tuliiita tu "Hornby". A. S. Hornby alikuwa Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924. Yeye na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, walitunga kamusi iliyochapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa tena mwaka 1948. Hornby aliona wanafunzi wake wanajua maana ya neno bila kujua linavyounganishwa na mengine, ndiyo maana kamusi yake ikaonyesha mifumo ya vitenzi. Kando ya "culminate" iliwekwa "in", na mifano yake ilihusu juhudi, matumaini na kazi ya maisha ya mtu, mambo yanayojengwa polepole. Mechi ya Jumamosi haikuwa na nafasi hapo.

Baadaye nilijifunza kwamba Waingereza walianza kukitumia kitenzi hiki katika karne ya 17 wakizungumzia nyota na jua: gimba la angani linapofika juu kabisa katika safari yake, kabla ya kuanza kushuka. Jambo hilo nililijua tangu utotoni Pangani. Babu yangu alisimamisha kijiti uani kuutafuta wakati wa adhuhuri. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45, nasi tuko karibu na 39, na kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo kwetu jua hufika juu kabisa kwa wastani kama saa sita na dakika ishirini na nne. Babu hakuhitaji hesabu hiyo. Alitazama kivuli kikifupika, akangoja kianze kurefuka, ndipo akasema jua limepinduka. Kilele chenyewe hakijitangazi. Hujulikana kwa kinachofuata. Mwanahistoria naye yuko hivyo hivyo: waliokuwa Tabora Januari 1958 hawakuweza kujua wamebakiza hatua ngapi.

Leo nafundisha Historia, na wanafunzi wangu hawana daftari la msamiati. Simu huwapa maana ya neno kwa sekunde chache, nami nafurahi, maana muda tuliokuwa tukiumaliza kwa kunakili tunautumia kubishana. Ninawaandikia ubaoni tarehe zilezile, kisha naongeza tatu: Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, Muungano, 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha, Februari 1967. Nawaambia wachague kilele na wakitetee kwa Kiingereza.

Wapo wanaosimama na 1961. Wapo wanaosema uhuru bila Muungano ulikuwa nusu ya safari. Wapo wanaolitetea Azimio, na wapo wanaojibu kwamba kilele hatujakifikia. Wakikosea sarufi nawasahihisha. Sichoki kuwadai sababu, kwa kuwa mwanafunzi anayeweza kueleza ni kitu gani kilikuwa kikipanda, nani aliyekisukuma, na kwa nini kilele kiwe pale na si kwingine, amekimiliki kitenzi hicho, na ameanza kuimiliki historia ya nchi yake.